Gunzi Ndani ya Injini

Wiki iliyopita nilikuwa narudi mjini Mpanda kutoka Kakese na kigari changu, mara taa nyekundu ya oili ikawaka. Nilikanyaga breki, nikazima gari, nikashuka na kukaa kwenye majani. Fundi aliyeletwa na bodaboda aligusa waya mmoja, akaufuta, akaurudisha. "Dada, sensa tu hiyo. Mbona unatetemeka hivyo?" Nikacheka cheko la uongo. Yeye sikumwambia. Wewe nitakwambia, maana tumezoeana.

Baba yangu alikuwa na pikapu kuukuu, imetengenezwa kabla yeye mwenyewe hajazaliwa. Tuliiita Kikongwe. Nyumbani kwetu Ilembo asubuhi ilinukia moshi wa kuni, uji, na oili ya Kikongwe iliyodondokea mchangani. Kazi ya kupima oili ilikuwa yangu. Kabla sijafagia uwanja, nachomoa ule ufito wa kupimia, naufuta, nauchovya tena, kisha nampelekea baba aone alama. Ikipungua, naongeza mwenyewe. Jamani, nilivyokuwa naringa! Wenzangu wa darasa la nne walijua kuruka kamba, mimi nilijua kusikiliza injini.

Baba hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini kuhusu oili alikuwa anahubiri. "Gari likiishiwa maji litalalamika," alikuwa anasema. "Likikosa oili, linakufa huku linatembea." Halafu ananinyooshea kidole: "Na siku kitu kikiingia humo ndani, mimi na wewe tutajuana." Nilimwogopa baba, sikufichi. Alikuwa akikunja uso tu, hata mbwa anaondoka.

Sasa usicheke. Kizibo cha pale pa kujazia oili kilishapotea siku nyingi, na spea yake haikupatikana. Baba alichukua gunzi, akalizungushia kipande cha kanga ya mama, akaziba. Kwetu gunzi ndilo lililokuwa kizibo cha kila kitu. Dumu la mawese, chupa ya mafuta ya taa, kibuyu cha maziwa, vyote gunzi.

Likizo ile tulikwenda Kapalamsenga kwa bibi, mama yake mama. Nakumbuka dagaa walivyoanikwa kando ya ziwa, na maharage ya bibi yalivyokuwa mekundu kwa mawese, na sauti yake: "Kuleni nyie, huko mjini mnashindia nini?" Mdogo wangu wa kiume alikuwa na miaka miwili, mdomo haufungi. Akiona mtumbwi anapiga kelele, akiona kuku anapiga kelele. Siku ya nne akaamka kimya, mwili unawaka moto. Bibi alimshika shingoni, akamgeukia baba. "Mpelekeni hospitali Mpanda sasa hivi. Msingoje jua."

Kila mtu alikuwa anakimbia, na mimi nikakimbia kwenye kazi yangu. Oili ilikuwa imepungua. Nikalivuta gunzi, likakatika. Lilikuwa limeoza kwa joto la injini. Nusu ilibaki mkononi, nusu nyingine na kile kitambaa vikatumbukia ndani. Nilichungulia, sikuona kitu, giza tu. Baba alikuwa anaita, "Tayari?" Nikamimina oili, nikakimbilia jikoni kwa bibi, nikachukua gunzi jipya, nikaziba. Nikajibu, "Tayari, baba."

Tulikwenda vizuri mpaka tulipomaliza kupanda mlima wa kutoka ziwani na kuingia porini. Hapo taa ya oili ikawaka. Baba akazima, akafungua boneti, akapima oili. Imejaa. Akazunguka gari, hakuna panapovuja. Tukakaa kidogo, akawasha, taa ikazimika, injini inaunguruma vizuri. Nikamshukuru Mungu kimyakimya. Hatukufika mbali, ikawaka tena, na safari hii injini ikaanza kugonga, ko ko ko. Baba akazima haraka. Mama alikuwa amempakata mtoto, anampangusa kwa kitambaa chenye maji, midomo inacheza na sala.

"Oili ipo," baba alisema, kama anaongea na Kikongwe. "Tukipumzika taa inazimika. Tukitembea inawaka. Pampu? Pampu ikifa haifufuki." Alikuna kichwa. "Kuna kitu."

Nilijua ni kitu gani. Haki ya Mungu, nilijua. Nilikiona kabisa kwenye akili yangu kile kitambaa, injini ikivuta oili kinanasa kwenye chujio, ikizimwa kinaachia. Maneno yalifika hapa kooni. Nikautazama mkono wa baba, nikayameza. Mbung'o walikuwa wananiuma shingoni na sikuwafukuza. Porini hapakupita gari, hata baiskeli. Tulisimama mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila tuliposimama nilijiambia nitasema, kisha nikaomba taa izimike yenyewe. Tulitoka kwa bibi umande haujakauka. Sasa jua lilikuwa utosini.

Mara ya tatu mdogo wangu akakakamaa. Macho yakageuka meupe, mikono ikaanza kurukaruka. Mama akapiga yowe, "Baba yake! Degedege! Mtoto anaondoka!"

"Baba, gunzi limeingia," nikasema.

Akanigeukia. "Limeingia wapi?"

"Kwenye injini. Na kitambaa chake."

"Lini?"

"Asubuhi."

Nilifumba macho nikingoja kofi. Halikuja. Nilipofumbua, baba alikuwa ananitazama kwa namna ambayo bado ninayo mpaka leo, na ningependa kofi kuliko vile. "Lete sufuria," akasema.

Akaingia chini ya gari na spana. Oili ya moto ikamwagikia kwenye sufuria ya mama ya ugali, ikamuunguza mkono, hakuuondoa. Akafungua boliti moja moja, akaishusha sampu, lile karai la chuma linalotunza oili chini ya injini. Kitambaa kilikuwa kimejizungusha kwenye chujio, kimekaza, na katikati yake unga wa gunzi. Tulikitoa, tukalisafisha chujio kwa petroli, tukaichuja oili kwa kitenge cha mama, tukairudisha. Baba aliwasha. Taa ikazimika na haikuwaka tena mpaka hospitali.

Mdogo wangu alipona. Siku ya tano alikaa kitandani, akala ndizi. Mama alimwita kutoka mlangoni, hakugeuka. Akapiga makofi nyuma ya kichwa chake, hakugeuka. Daktari alimpima masikio, kisha akauliza kwa upole, "Mlichelewa wapi?" Baba akasema, "Gari, daktari. Gari liliharibika njiani." Mimi nilikuwa nimesimama pembeni yake. Hakunitazama, na mpaka anaingia kaburini hakulisema tena.

Siku hizi barabara ile imepanuliwa, pori limekuwa mashamba, simu inashika mpaka mlimani. Bibi hayupo. Kikongwe alikatwakatwa akauzwa vyuma chakavu. Mama akisimulia habari zile anasema gari lilimponza mtoto wake, nami naitikia kwa kichwa na kumwongezea chai.

Mdogo wangu ni mwanaume mzima sasa, fundi seremala, ana watoto wawili. Ananipenda kuliko ndugu zetu wote. Kila jioni tunaandikiana kwenye simu, na kuna jioni naanza: Mdogo wangu, siku ile njiani mimi nilijua. Naandika, nafuta, naandika tena. Kwake simu inamwonyesha kwamba dada anaandika. Anangoja, anangoja, kisha ananiuliza: Dada, unaandika nini muda wote huo?

Namjibu kwamba nilikuwa namsalimia tu.