Maji ya Kumkanda Lori

Watu wa Njombe wakisikia mtu wa Mwanza analalamikia baridi, hucheka, na wana haki. Baridi yetu ni ya Juni na Julai. Inapanda kutoka ziwani alfajiri, inakaa kwenye mawe ya mtaa wetu wa Kiseke mpaka jua litoke, kisha inaondoka bila kuaga. Mtu mzima anaimaliza kwa sweta moja. Lori langu haliiwezi.

Ni lori la dizeli la tani tatu na nusu, na umri wake umeuzidi wa ndoa yangu. Nililinunua baada ya kukaa chini na kalamu na kujithibitishia kwamba mji unaojengwa kila kona hauwezi kukosa mchanga wa kubebwa. Hoja ilikuwa safi. Nina shahada mbili, zote za mambo yasiyowashwa kwa ufunguo, na katika hoja ile sikuwa nimeingiza plagi nne ndogo za kupasha injini moto, ambazo zikifa, lori linakuwa la saa sita mchana tu. Zangu zilikuwa zimekufa tatu. Fundi wangu wa Mabatini aliniambia nizibadilishe. Nikamjibu kwamba Mwanza si Ulaya. Alinitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyejitibu kwa kusoma mtandaoni.

Asubuhi ninayoisimulia, lori lilikuwa limebeba magunia kumi na manane ya dagaa, na dagaa walikuwa wa mama mkwe wangu.

Alikuwa amekaa kwetu wiki tatu, kila siku akienda mwalo wa Igombe, mitumbwi inapotia nanga, kununua dagaa wakishuka, kuwaanika na kuwachambua. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Wanawe wa kiume, yaani mashemeji zangu, walikaa kikao na kumwambia sasa apumzike, watakuwa wanamtumia matumizi. Yeye hakuita kikao. Aliuza ng'ombe wawili akaja Mwanza. Mnada wa kwao, mbele ya Magu, ni mara moja kwa wiki, na siku hiyo ndiyo ingekuwa yake ya kwanza. Alikuwa ameomba nafasi ya kutandika turubai karibu na njia. Asipoonekana kufikia saa tatu, nafasi ingepewa mwingine, na wanawe wangepata walichokuwa wanakisubiri, yaani kumwambia kwa upole kabisa, "Mama, si tulisema?"

Alilijua hilo. Nami nililijua. Ndiyo maana, dereva wangu alipopata msiba kwao Geita, nilijitolea kuendesha mwenyewe. Leseni ninayo. Ni lori lililokuwa halijanikubali.

Msomaji asiye wa kwetu ajue jambo moja kuhusu mimi na mama mkwe. Kwa desturi yetu Wasukuma, mkwe na mama mkwe hawazoeani. Hatushikani mikono, hatuli pamoja, na akizungumza nami, huzungumza na mke wangu. Tunaweza kuwa na hatua nne tu kati yetu, naye akasema, "Mwambie mwenzako mvua inakuja, viatu vyake viko nje." Mke wangu atanigeukia: "Mama anasema viatu." Nami nitajibu: "Mwambie nashukuru." Kwa miaka kumi na tisa tumeishi hivyo kwa amani kubwa, na nimeona ndoa nyingi ambazo zingenusurika kwa utaratibu kama huo.

Basi, ilikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri, manyunyu yamekatika muda mfupi uliopita. Nikageuza ufunguo. Stata ikazunguka, injini ikapumua mara mbili ikanyamaza. Nikarudia. Mara ya tatu sauti ya stata ilikuwa imeanza kushuka.

Jirani yangu akachomoza juu ya ukuta, mswaki mdomoni.

"Mwalimu! Unaliwasha au unalihutubia?"

"Linapata joto kwanza."

"Joto gani, limefunikwa turubai na bado linatetemeka!"

"Basi njoo tulisukume."

"Tulisukume wapi? Geti lako linatazama mlimani. Labda tuanze na mlima, tuusukume ushuke."

Alikuwa na haki. Nilipojenga, nilitaka sebule itazame ziwa, geti likabaki kutazama mwinuko. Kuona ziwa naliona vizuri sana.

Mama mkwe alikuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni, kitenge juu ya sweta, amenipa mgongo.

"Mwambie mwenzako aache kulipigia stata," alimwambia mke wangu. "Betri ikiisha hata maombi hayatusaidii."

"Mama anasema..."

"Nimesikia."

"Na mwambie amwage maji yaliyomo kwenye rejeta, yote, atie ya moto. Hajawahi kuona trekta likiamshwa?"

Kweli sikuwahi. Nilijua kwamba marehemu baba mkwe aliendesha trekta la ushirika wa pamba maisha yake yote. Habari za trekta hilo nimezisikia kwenye kila sherehe ya familia. Haikunijia hata siku moja kuuliza nani aliyekuwa akiamka kabla yake, miezi ya kipupwe, kuchemsha maji ya hilo trekta.

Nikaingia chini ya lori na suruali yangu niliyoinyoosha usiku. Koki ya rejeta ilikuwa na kutu, nikapambana nayo mpaka maji yakatoka, mengi yakinipitia kwenye mkono wa shati. Jikoni, mke wangu alikuwa amebandika masufuria mawili, moja kwenye gesi na jingine kwenye mkaa. La gesi likawahi. Akaliweka karibu na gurudumu, likitokota bado, akarudi ndani kuangalia la pili.

Nikatazama saa. Saa kumi na mbili kasoro dakika chache. Kufika kwenye mnada huchukua zaidi ya saa mbili, kwa lori lenye afya. Nikafunga koki, nikafungua mfuniko wa rejeta, nikashika sufuria kwa vitambaa nikalinyanyua. Mvuke ukaniziba miwani.

"Wewe! Weka chini!"

Nilidhani ni jirani. Lakini jirani alikuwa ameacha kupiga mswaki, mdomo wazi, anatazama upande wa pili. Nikaweka sufuria chini na kufuta miwani. Mama mkwe alikuwa amenigeukia, ananitazama usoni.

"Unataka kulipasua? Chuma kimelala kwenye baridi usiku kucha, unakimwagia maji ya ugali?"

"Samahani, mama."

"Humu ndani nimemkanda mwanangu mara tatu. Uliwahi kuona namkanda kwa maji yanayotokota?"

"Hapana, mama."

"Basi. Lete maji ya baridi."

Watoto wetu wote watatu walipozaliwa, ni yeye aliyekuja kumkanda mke wangu kwa kitambaa na maji ya moto, asubuhi na jioni, mlango umefungwa. Mimi nilikuwa mtu wa kuleta kuni. Sasa nilimwona akiinama juu ya sufuria, akikunja mkono wa sweta na kugusa maji kwa kiwiko. Akaongeza jagi moja. Kiwiko tena. Akaongeza nusu.

"Hayo. Mimina taratibu, kama unamnywesha mtu. Yakae kidogo, uyamwage, utie mengine."

Mke wangu akatoka na sufuria la pili, akasimama mlangoni. Alimtazama mama yake, akanitazama mimi, kama karani aliyerudi likizo akakuta meza yake imehamishwa. Alishusha sufuria akaenda kuleta jagi jingine.

Tulitia mara mbili. Mara ya pili mama mkwe aliweka kiganja kwenye ubavu wa injini, akakiacha pale, akitazama angani.

"Panda," akasema. "Kanyaga klachi mpaka mwisho. Mafuta usiguse mpaka nikuambie."

Nikapanda. Stata ikazunguka, nzito mwanzoni, halafu nyepesi kidogo. Kitu kimoja ndani kikashika. Moshi mweupe ukatoka nyuma ukafunika ukuta na jirani wake.

"Sasa! Kidogo! Kidogo, nimesema, siyo mashindano!"

Injini ikakohoa kwa pistoni moja, ikawa mbili, ikatikisa kichwa cha lori mpaka kioo cha pembeni kikajikunja, kisha zote nne zikakubaliana. Ndani ya moshi nikamsikia jirani akipiga makofi.

"Mama! Ukimaliza huko uje na kwangu, nina pikipiki iko hoi!"

Mama mkwe alishaanza kujifunga kitenge vizuri.

Njiani mke wangu alikaa katikati, na utaratibu ukarejea. "Mwambie mwenzako kuna shimo." "Mama anasema shimo." Nilikuwa nimeshaliona, lakini nililikwepa kana kwamba nimeambiwa.

Tulifika saa tatu ikiwa inagonga. Mwanamume mmoja alikuwa amesimama kwenye nafasi ile, turubai lake limekunjwa kwapani, anaangalia huku na kule. Mama mkwe alifungua mlango kabla sijasimama vizuri, akaenda akasimama mbele yake, katikati kabisa ya nafasi, akamsalimia kwa heshima zote. Yule bwana akasogea.

Saa nne alikuja shemeji yangu mkubwa. Magunia matatu yalikuwa yamefunguliwa na wateja walikuwa wamezunguka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Na mvua ile, nilijua leo huji. Nilikuja tu kuwaambia watu wa mnada wasikusubiri."

"Umefanya vizuri kuja."

"Sasa umefikaje?"

"Kwa lori."

Mama yake akamkabidhi kopo la kupimia.

"Mpimie huyu mama makopo mawili," akasema. "Jaza, usimpunje."

Shemeji akakunja mikono ya shati, akainama kwenye gunia, akapima.