Boti Iliyopungua Ukucha

Tulikuwa tunafungua kamba za mtumbwi juu ya pikapu, kando ya mto Malewa, kocha alipotuambia kwamba mbio za watu wawili zimeondolewa. Alisema kwa upole, kama mtu aliyetumwa kupeleka habari za msiba.

"Huko nje waliziondoa kitambo, ili akina mama wapate mbio zao za mtu mmoja. Sasa hata hapa hakuna mwingine aliyebaki wa kushindana na nyinyi, mzee."

Mke wangu alinitazama. Mimi nikatazama maji.

Sisi si wanamichezo. Tunauza mbegu na dawa za mifugo hapa Gilgil. Daktari ndiye aliyeanzisha mambo haya, aliponiambia presha yangu inapanda na nitafute zoezi. Mke wangu, mzaliwa wa Ndabibi, mtu asiyeogopa maji, akasikia kuna klabu ndogo mtoni, akanivuta mkono.

Katika mtumbwi wa mbio hizi mnapiga magoti, kila mmoja na kasia lake la bapa moja, na mnapita katikati ya fito zilizoning'inizwa kwa waya juu ya maji makali. Mkigusa ufito mnaongezewa sekunde mbili. Mkiruka mlango mzima, hamsini. Yeye alikaa mbele, mimi nyuma. Tulikuwa tukitoka nyumbani tumenuniana kwa mambo ya duka, lakini tukifika mtoni tunaongea tu, maana huwezi kumnyamazia mtu na jiwe linawajia.

Basi mtumbwi wetu tuliiachia klabu wafundishie wageni, na kocha akatutafutia boti mbili za mtu mmoja, za mtindo mpya. Zamani sheria ilitaka boti ya namna hiyo ifike mita nne. Wakapunguza nusu mita, na wachoraji wa boti wakajiachilia. Hizi zilikuwa fupi, nyepesi, pua nyembamba ya kupenya chini ya fito, mkia bapa kama ulimi. Ukiegemea nyuma mkia unazama, pua inasimama, na boti inageuka papo hapo. Mke wangu aliinua yake begani peke yake akacheka kwa sauti, jinsi ilivyokuwa haina uzito.

Yangu ilinimwaga kabla ya mlango wa kwanza. Nikapanda tena, ikanimwaga tena. Aliyeichora hakuwa amefikiria magoti yangu wala kitambi changu. Siku hiyo niliirudisha kwa kocha, nikakaa kwenye pikapu nimejifunga taulo.

Yeye aliendelea. Mimi nikaanza kupata kazi nyingi dukani kila Jumamosi. Nilihesabu magunia ambayo hayakuhitaji kuhesabiwa. Alikuwa akirudi jioni nywele zimelowa, uso unang'aa, anataka kunisimulia, nami nauliza kama amenunua mkate.

Siku moja aliweka kikombe chake chini. "Baba watoto, kwani nimekukosea wapi?"

"Hujanikosea."

"Mbona basi huji?"

"Nije kufanya nini? Kushika taulo?"

"Mimi pia naogopa," akasema. "Wewe unafikiri naenda kule kwa sababu siogopi. Nikifika katikati ya mto naona hakuna mtu nyuma yangu. Naogopa sana. Lakini naipenda, utanifanya nini?"

Jumamosi iliyofuata nilifunga duka mapema.

Kocha aliponiona nimesimama mikono mifukoni, alinipa kazi. Mashindano yetu yalikuwa yanakaribia na vijana wa Nakuru wangekuja na boti zao, kwa hiyo alitaka mtu wa kuzikagua. Alinipa mizani, na ubao mrefu wenye vizuizi viwili: boti ikilazwa katikati lazima iguse pande zote mbili, la sivyo ni fupi mno. Nilikagua pia kama pua ni ya mviringo, isije ikamchoma mtu. Niliipenda kazi hiyo. Duniani nimepima mahindi na dawa ya kupe, sikujua ningepima boti.

Asubuhi ya mashindano boti za kwanza zilipita zote vizuri. Kisha akaja mke wangu na yake, amevaa helmeti, ameshaanza kunyoosha mabega. Nikailaza. Mkia uligusa. Pua haikugusa. Nikaisukuma, nikaishika upya, nikapiga goti kuangalia. Wiki hiyo alikuwa amegonga jiwe, pua ikamegeka, na tulipoisugua laini hakuna aliyekumbuka kupima. Ilipungua upana wa ukucha.

"Mama, hii haitoshi."

"Haitoshi nini?"

"Ni fupi."

Alitazama ubao, akanitazama mimi. Watu walikuwa wamepanga foleni nyuma yake.

"Wewe ni bwana yangu ama ni refa?"

"Leo asubuhi ni refa."

Nilidhani atalia, au atanitupia kasia. Alivua helmeti tu, akaketi kwenye nyasi kando ya boti yake. Nilimwita kocha. Akasema mpaka kamba ya kuanzia ifunguliwe, boti inaweza kurekebishwa ipimwe tena, ila apime mtu mwingine. Nikakimbia kwenye pikapu, ambamo huwa nina vitambaa vya faiba na gundi ya kuziba nyufa. Niliipiga msasa, nikajenga pua safu juu ya safu, mke wangu akishikilia boti ielekee jua. Alikuwa anapuliza ile gundi kama mtu anayepuliza uji wa mtoto.

Ilipokauka, kocha mwenyewe aliipima. Iligusa.

Alianza wa mwisho. Katikati ya mto, kwenye mlango unaopitwa kwa kupanda kinyume cha mkondo, maji yalimshika ubavu akapinduka. Nilikuwa nimeshika kamba ya kuokolea, na mkono wangu ulikuwa tayari umeenda nyuma kuirusha, kasia lilipotokea juu ya maji, likifuatwa na bega, kisha yeye mzima, ametema maji, anaendelea. Niliteremsha mkono. Alimaliza wa tatu kati ya wanawake wanne, na aligusa fito tatu.

Tulikula mahindi ya kuchemsha tumeegemea gurudumu. Akaniuliza, "Na kama isingekauka, ungenikatalia kweli?"

"Ningekukatalia."

Akatafuna polepole. "Basi leo ungelala kwa gari," akasema, akanimegea nusu ya hindi lake.