Hapo Tu

Kila mwaka sisi wanne tunatoka Mtunda kwa miguu kwenda kulizuru kaburi la sheikh, na anayetangulia ni yule yule anayetuuzia uduvi sokoni. Hutembea peku, kandambili kazishika mkononi, wala hakubali mtu amshikie. Ukimuuliza kama bado mbali, hageuki. Hubinua midomo kuelekea mikorosho iliyo mbele na kusema, kwa sauti ile ile ya kuuzia uduvi, "Hapo tu." Ukiifikia mikorosho, hapo tu imeshahamia kwenye minazi. Tasnim akitoa simu atazame ramani, huambiwa, "Ifunge, mwenzangu, itakuchosha bure."

Mwaka huu, jua likiwa kali, alikaa chini pembeni mwa njia akawa anayakanda magoti. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake, "Bado mbali?" Tasnim, aliyekuwa ameshaishika simu, akairudisha mkobani. Chiku, aliyekuwa nyuma yangu, akabinua midomo kuelekea mikorosho. "Hapo tu," akasema.

Alitutazama mmoja mmoja.

"Waongo nyie," akasema, akanikabidhi kandambili zake, akainuka.