Nimeitika Dukani Kashai

Leo nimepiga kelele katikati ya duka la watu, mtaani Kashai, na wala sikujua kama napiga kelele.

Msinicheke.

Nilimpelekea fundi wa redio pale dukani kaseti ya mama. Mama alifariki ile miaka ya mwanzo ya UKIMWI, mimi sijafika hata miaka mitatu. Sauti yake siijui. Shangazi ndiye aliyeitunza kaseti, kule Kemondo, ndani ya kopo la majani ya chai.

Fundi akaikagua. Kanda imechoka, inaweza kukatika muda wowote.

Akanipa hedifoni mbili nijaribu, zile za studio zinazofunika sikio lote.

Za kwanza laini kama mto, besi tamu. Lakini mama alisikika kama yuko chini ya blanketi. Anasalimia, anakohoa, basi.

Fundi akarudisha kanda nyuma. Roho juu. Ikikatika je?

Za pili zinabana, masikio yanawaka moto. Ila nyuma ya kile kikohozi nikasikia:

"Koku! Iwe Koku!"

Jina langu! Ananiita kwa Kihaya: wewe Koku!

Nikaitika kama Mhaya yeyote anavyomwitika mkubwa wake: "Waitu!"

Kumbe nimesikika mpaka barabarani. Duka zima likacheka, isipokuwa mama mmoja aliyekuja kununua betri.

"Nani kakuita, mwanangu?"

Nikamvalisha yeye hedifoni.

Akasikiliza. Akafumba macho.

"Bado anakuita," akasema. "Itika tena."