Pikipiki Iliyopelekwa Ukweni

Naikumbuka vizuri, mwanangu, siku mzee wangu alipoingiza pikipiki uani kwetu Mbeya. Kubwa, nyekundu, kuukuu, inakohoa moshi, naye juu yake anacheka peke yake. Enzi hizo hakuwa mzee. Alikuwa kijana mshona nguo, na mimi mke mpya mwenye mdomo. Nikadhani ataifanyia biashara. Weee! Hakupakia abiria hata mmoja. Jumamosi ilikuwa ya kuiosha. Jumapili akitoka kanisani anaungana na wenzake wenye pikipiki, wanateremka mpaka Tukuyu, wanakunywa chai, wanarudi. Nikimuuliza walikwenda kufanya nini, ananijibu, "Kunywa chai." Kwani kwangu majani ya chai yalikuwa yameisha?

Tulikuwa tunajenga. Kuta zimesimama, bati hakuna, chumba tulichopanga kinavuja, nami nina ujauzito wa kwanza. Nikitaja bati, kinanunuliwa kioo cha pikipiki. Nikitaja misumari, kinakuja kiti kipya cha pikipiki. Na baridi ile ya Julai unaijua. Asubuhi moja naamka natetemeka, kumbe blanketi letu la harusi ameifunika nalo pikipiki! Nikagomba mpaka sauti ikanikauka. Kisha nikapanda basi kwenda Ilula kumshtaki kwa baba yangu.

Baba alikuwa mkulima wa nyanya, mtu wa maneno machache. Alikuja kwetu Mbeya, akakaa, akasikiliza, akahukumu. "Pikipiki naondoka nayo. Bati likikaa juu ya nyumba, njoo uichukue."

"Ndiyo, baba," mume wangu akajibu. Angesema nini? Kwetu mkwe habishani na baba mkwe. Walipokuwa wanaipakia kwenye lori aliipangusa vumbi kwa kiganja, na mimi niko jikoni nacheka, shetani mkubwa. Jioni nikamwonea huruma kidogo, nikamwapia: siku bati likikaa, pikipiki yake ataipata.

Basi nyumba ikapauliwa upesi, hata fundi mwenyewe alishangaa. Mume wangu alishona sare za shule, alishona mapazia, alishona mpaka macho yakawa mekundu. Tulipohamia tu, akapanda basi kwenda Ilula. Akarudi amebeba tenga la nyanya.

"Pikipiki iko wapi?"

"Sikuiulizia. Baba aliniuliza kama nimekuja kuwasalimia, nikasema ndiyo."

Akaenda tena, akarudi na tenga jingine. Nyanya zikatukinaisha, majirani wakiniona na bakuli wanafunga milango. Baada ya hapo hakwenda tena. Alikuwa akikaa kizingitini, hata redio hafungui. Siku moja akaniambia polepole, bila hasira, "Mke wangu, mimi nimetimiza. Neno lako liko wapi?"

Mwanangu, iliniuma. Mtoto alikuwa hajazaliwa, na baba yake ameshaanza kunitazama kama mtu wa kuhakikiwa. Nikaona asipoweza kuniamini kwa pikipiki, hataniamini kwa lolote. Kesho yake tukasafiri wote wawili.

Mama yangu tulimkuta pembeni ya barabara kuu, kwenye meza yake ya nyanya, mikono kiunoni. Hakungoja hata salamu. "Mmekuja kuuchukua ugonjwa wenu?"

Kumbe baba, jamani! Ameifungia pikipiki honi ya lori. Ameiwekea vioo vinne. Fedha ya dawa ya nyanya imeingia kwenye tairi, na kila siku yuko Iringa mjini. "Anakwenda kufanya nini?" nikauliza.

"Kunywa chai," mama akasema, karibu alie.

Mara tukasikia honi. Baba huyo, koti refu, kofia ngumu, uso umenawiri. Alipotuona ukasawijika. Mume wangu akaamkia, "Kamwene, baba," halafu akatazama chini. Ikabidi niseme mimi.

"Baba, bati limekaa."

"Nilisikia."

"Basi pikipiki."

"Ina hitilafu. Ngojeni niitengeneze kwanza." Na chombo kinanguruma vizuri kabisa chini yake!

"Mzee, mpe mtoto wa watu kitu chake!" mama akafoka. Baba akashuka taratibu, akaizima, akakabidhi ufunguo bila kumtazama mtu.

Nilipotaka kucheka, mama akanishika mkono akanivuta kando. "Na wewe! Ulipokuja hapa unalia, nilikuuliza mumeo anataka fedha kiasi gani ya kuitunza hiyo pikipiki. Ukasema hujui. Mpaka leo hujui. Umempandia basi kuja kumshtaki, hujamuuliza."

Ni kweli, nilikuwa sijamuuliza. Kugomba niligomba, lakini kuuliza, hapana.

Tuliporudi Mbeya, asubuhi moja tunamenya viazi, nikamwambia, "Sema ukweli. Kwa mwezi unahitaji kiasi gani kwa ajili ya hiyo pikipiki yako?" Nimeshajiandaa kupiga kelele. Akafikiri, akataja kwa woga. Mwanangu, alichotaja hakikufika bei ya kitenge changu kimoja. Na vitenge nilikuwa najinunulia bila kumuuliza mtu. Nikainamia viazi vyangu kwa aibu. Baadaye nikasema, "Ongeza kidogo."

Sasa jana umenipigia simu unalia, unataka nije huko Iringa nimhukumu mumeo kwa sababu ya taa za rangi za pikipiki. Siji. Na pikipiki yenyewe usithubutu kuileta kwangu, maana mzee wangu bado ana nguvu. Kaa na mwenzio mchana, mmeshiba, umuulize anataka kiasi gani, kisha unyamaze mpaka amalize kujibu. Tajeni fedha ya nyumba kwanza, halafu yake, halafu na yako, kwa sababu hata wewe unayo, usinidanganye. Mkishakubaliana, fungu lake usilipekue tena.

Mungu awalinde, yeye barabarani na wewe nyumbani, na awape ulimi wa kuulizana kabla ya ule wa kushtakiana.