Toa Kwanza

Kila ninapofika kwenye somo la upumuaji, kabla sijaandika chochote ubaoni, nawauliza wanafunzi wangu: mtu aliyebanwa na pumu, shida yake ni kuvuta hewa au kuitoa? Darasa zima hunijibu kuvuta, tena kwa uhakika wa kuudhi. Siwakasirikii sana. Ujiji nzima iliwahi kunijibu hivyo hivyo, mimi nimekaa mkekani midomo imeanza kuwa ya bluu.

Nililelewa na bibi yangu, mtaa wa Buzebazeba, kwenye nyumba ambayo ua wake ulinuka mawese mwaka mzima. Bibi alichemsha ngazi, matunda ya michikichi, kwenye pipa, kwa kuni, na moshi wake ulikuwa haubagui mwenye pumu na asiye nayo. Nikibanwa, ua ulijaa watu. Huyu ananipepea kwa ungo, yule ananisugua mgongo, na wote wanaimba wimbo mmoja: vuta pumzi, mwanangu, vuta. Nami mtoto msikivu nilivuta. Kisha Bibi alikuja na chetezo cha ubani, akanifunika blanketi pamoja nacho, eti moshi ufungue kifua. Bibi alinipenda kuliko kitu chochote, Mungu amrehemu, lakini ule ubani ulikaribia kuniua.

Hakuna aliyejua kilichokuwa kinatokea humo ndani. Vijibomba vya hewa vilikuwa vimevimba na kubana. Nikivuta, kifua kinapanuka na kuvipanua navyo kidogo, hewa inapenya. Nikitaka kutoa, vinajifunga. Kwa hiyo kila pumzi iliongeza hewa juu ya ile iliyogoma kutoka, mpaka mbavu zangu zikawa zimekaa juu juu na mabega yamefika masikioni. Nilikuwa nakufa kwa kukosa hewa huku nimejaa hewa tele, na watu wazima wamenizunguka wakiniamuru niongeze.

Miaka hiyo Warundi walikuwa wanavuka ziwa kukimbia vita. Walishuka ufukweni na magodoro, sufuria, kuku, watoto. Mzee mmoja alishuka na inanga. Ni ala ya muziki ya kwao, ubao mrefu uliochimbwa kama chano, umepitishiwa uzi kwenda na kurudi. Bibi, ambaye alikuwa ameenda mwaloni kununua dagaa, alimkuta amekaa nao mapajani, hana kingine, akamchukua kama watu wa Ujiji walivyowachukua wengi. Alimpa chumba cha uani. Akamtania tangu siku ya kwanza: "Mtu anakimbia risasi, anaacha blanketi, anabeba chano."

"Mama, blanketi nimepata hapa," mzee alijibu kwa Kiswahili chake chenye Kirundi ndani. "Hii ningeipata wapi?"

Nilimwita Babu. Jioni, kabla ya magharibi, alikaa mlangoni pake akazigonga zile nyuzi kwa vidole, na kuimba. Nasema kuimba kwa sababu sina neno lingine. Sauti haikuwepo kabisa. Alinong'ona. Midomo ilikuwa wazi kidogo tu, na kwenye ule upenyo yalipita maneno ya Kirundi, hewa tupu, mstari baada ya mstari, mpaka nikadhani ameacha kabisa kuvuta pumzi. Ndivyo kwao wanavyoipiga inanga: ukipaza sauti unaifunika, kwa hiyo mwimbaji ananong'ona na nyuzi ndizo zinazotoa sauti. Bibi alisema ni kama mtu anayeteta na chano. Mimi nilikuwa simwondolei macho. Nilihesabu pumzi zake kama tajiri anavyohesabiwa ng'ombe na maskini. Mimi nililipigania kila tone la hewa, na huyu mzee aliyekonda hivi anaimwaga pole pole kana kwamba haitaisha milele.

Siku nilipobanwa mbele yake, Bibi alikuwa sokoni na mawese. Majirani walikwisha kukusanyika, ungo umeshaanza kunipepea. Babu aliwapita, akakaa chini mbele yangu, akaweka inanga kati yetu. Hakuniambia vuta. Alinishika mkono akaubandika kwenye tumbo lake, chini ya mbavu, akanong'ona mstari mmoja. Nikalisikia lile tumbo likirudi ndani taratibu, likirudi, likirudi. Kisha kimya kidogo. Kisha tumbo likajaa lenyewe, bila yeye kufanya lolote.

"Toa kwanza," aliniambia. "Buhoro, pole pole. Itakayoingia itaingia yenyewe."

Nilijaribu, nikakohoa. Akarudia. Nikakunja midomo kama yeye, kama mtu anayepoza uji, nikasukuma neno moja la Kirundi ambalo sikulijua maana. Likatoka, na nyuma yake ikatoka ile hewa mbovu niliyokuwa nimeifungia. Jirani mwenye ungo alikasirika kabisa. "Mtoto anakufa, yeye anamfundisha nyimbo." Lakini mabega yangu yalikuwa yameanza kushuka, na aliyaona.

Nilikuja kujua baadaye, kwenye vitabu, kwamba ule upenyo mdogo wa midomo huzuia hewa isitoke kwa pupa, na hewa inayozuiliwa mdomoni husukuma kule nyuma, ikavishikilia vile vijibomba visijifunge. Njia hii haiponyi pumu, dawa ni dawa, na wanafunzi wangu wenye pumu nawagombeza wasiache zao nyumbani. Lakini inampa mtu nafasi. Sijui kama Babu alijua haya. Nadhani alichojua ni wimbo, na kwamba wimbo hauimbwi kwa kuvuta.

Tangu hapo nilikaa naye kila jioni. Nilimsikiliza na kunong'ona naye wimbo wake, mkono kwenye tumbo langu mwenyewe. Kuna msuli humo, mpana, umetandazwa chini ya mapafu. Unaposhuka na mbavu zikainuka kama mshikio wa ndoo, nafasi inaongezeka kifuani na hewa ya Mungu inaingia bila kuitwa. Hatuivuti kama tunavyovuta maji kisimani. Tunaipisha tu. Na msuli ukiachia, mapafu yanajirudi yenyewe. Hata tukilala, hata tukiwa tumeudhiana. Nimelifundisha jambo hili miaka mingi na bado linanitisha kwa uzuri wake. Kuna siku nasimama ubaoni nasahau sentensi inayofuata.

Kisha likapita tangazo kwamba wakimbizi wote walioko mjini waende kambini. Nilichoelewa ni kimoja: Babu akiondoka, ataondoka na pumzi zangu. Sikulala vizuri wiki nzima. Bibi alimfuata askari aliyekuja na lori akamwambia mzee huyu ni kaka yake. Askari akamuuliza mbona kaka hajui Kiha cha Ujiji, Bibi akasema ni mkaidi tangu utoto. Haikusaidia. Alimfungia Babu dagaa na chupa ya mawese, akamsukumia mikononi kwa hasira kama anayefukuza mtu, ili asilie.

Babu alipanda lori na inanga yake. Lilipoondoka, nilikimbia. Mtoto wa pumu, vumbi la barabara ya kwenda Kasulu, jua kali. Sikufika mbali. Kifua kilijifunga nikaanguka kwa magoti kando ya barabara, na sikuwa na mtu. Nilimwona Babu juu ya lori, ameniona. Wenzake walikuwa wanapunga mikono na kupiga kelele za kwaheri. Yeye hakupiga kelele. Alikunja midomo.

Nikakunja yangu. Nikatoa neno moja. Nikasubiri. Likaja jingine. Lori lilikuwa limeshapotea nilipogundua kwamba nimeumaliza wimbo mzima, na kwamba kifua kinapanda na kushuka, na mkono ulioko tumboni ni wa kwangu.

Bibi ndipo akafika, mbio, khanga mkononi, ndala moja imebaki njiani. Alikuwa mwanamke mzito na hakuwa amekimbia tangu ujana wake. Alifungua mdomo aniamrishe kama kawaida, na neno halikutoka. Alikuwa anahema, macho yamemtoka, anavuta, anavuta, haimtoshi.

Nilimkalisha kando yangu. Nikachukua mkono wake, ule wa mawese, nikaubandika kwenye tumbo langu.

"Toa kwanza, Bibi," nikamwambia. "Buhoro."