Kitambaa cha Mikono Miwili

Mtaani walimwita Bi Kisigino, naye aliitika. Kazi yake ilikuwa kuzunguka nyumba kwa nyumba akikagua jinsi wahudumu wa ofisi yao wanavyowatunza wazee na wagonjwa majumbani. Kila alipoingia chumbani, kabla ya kuuliza habari za dawa au chakula, aliinua shuka upande wa miguuni akashika visigino. Mtu akilala bila kugeuzwa, kisigino ndicho husema kwanza. Kinakuwa laini, kinabonyea, kisha siku moja ngozi inafunguka. Mgonjwa anaweza kufundishwa la kujibu mbele ya mkaguzi. Kisigino hakifundishiki.

Mumewe alikuwa fundi viatu, na kibanda chake kiliegemea ukuta wa nyumba yao. Majirani walisema nyumba ile imekamilika, mume soli, mke visigino. "Siku mkisikia ameanza kunishika mimi miguu," fundi aliwaambia wateja, "njooni mchukue viatu vyenu mapema." Bi Kisigino alicheka kila mara, ingawa utani wenyewe ulikuwa umechakaa kuliko viatu vilivyorundikana mlangoni.

Jambo moja hakuwahi kulifanyia utani. Alipokuwa mgeni kazini alifungua mlango wa chumba fulani akamkuta mzee amefungwa kamba kitandani, mhudumu ameenda sokoni. Mzee hakulia. Alimwomba tu amkune pua. Bi Kisigino alimkuna pua, akamfungua, akaenda ofisini moja kwa moja, wala hakutoka mpaka msimamizi alipokubali sharti jipya: mhudumu atakayemfunga mgonjwa kwa namna yoyote aondolewe siku hiyo hiyo.

Maneno "kwa namna yoyote" yalikuwa yake. Msimamizi aliona yamezidi. "Mama, haya ukiyaweka hayatabagua."

"Ndiyo nayataka hivyo hivyo," alisema.

Miaka ilipita, kazi ikamfikisha kwa mgonjwa waliyemwita Bibi.

Bibi aliwahi kuwa mpishi wa shule. Sasa kumbukumbu zilikuwa zimemtoka, zikabaki za jikoni peke yake. Kila alfajiri aliinuka akawashe moto wa watoto, watoto ambao wenyewe walikwisha kuwa na wajukuu. Binti yake, aliyeishi naye, alifanya kazi kiwandani kwa zamu. Mhudumu wao alikuwa mwanamke aliyeinama kila mlango, wakamwita Dada Mrefu.

Bi Kisigino aliinua shuka. Visigino vilikuwa vikavu, vimepakwa mafuta, vizima kabisa. Kikombe cha maji kilikuwa mahali mkono unapofika. Dirisha wazi, godoro halina harufu. Alifurahi kimoyomoyo, maana nyumba za namna hii hakuziona nyingi. Akashika mkono wa Bibi kumuaga. Kwenye kifundo cha mkono palikuwa na alama nyembamba, kama ya mtu aliyevua saa.

"Hii nini?"

Dada Mrefu hakuficha. Alitoa chini ya mto kipande cha khanga kuukuu, laini, chenye kitanzi kila ncha. "Huku kwake, huku kwangu. Mimi nalala hapa chini kwenye mkeka. Akiinuka ananivuta, naamka. Tunakwenda wote jikoni, namwonyesha moto umeshawaka zamani, tunarudi kulala."

"Na kengele tuliyowapa?"

"Ah, mama, kengele anadhani ya shule. Ikilia ndiyo anakimbia kabisa."

Bibi aliwasikiliza, akamnyooshea Dada Mrefu kidole. "Huyu namfunga mimi. Mrefu bure, ukimwachia anapotea."

Wakacheka wote watatu. Bi Kisigino ndiye aliyeacha kucheka kwanza.

Binti alimsindikiza hadi nje, bado amevaa sare ya kiwanda. Alikuwa ameshaona uso wake ulivyobadilika. "Dada yangu, lile la kitambaa usiliandike. Nimepitia wahudumu mpaka nimechoka. Huyu ndiye wa kwanza mama kucheka naye."

"Nimekusikia."

"Kusikia si kunijibu."

Jioni alikaa kibandani kwa mumewe, begi la kazi mapajani, akamsimulia. Fundi alikuwa anavuta uzi kwenye kiatu cha mtoto. "Kwani kamba na kitambaa ni kitu kimoja?"

"Si kitu kimoja. Lakini nikianza kuchagua, kesho mwingine atanionyesha kamba aniambie ni kitambaa. Nitamjibu nini?"

"Basi umeshaamua."

"Niliamua zamani, baba. Sikujua tu kwamba ni juu ya huyu."

Fundi alikata uzi kwa meno.

Bi Kisigino aliandika. Ripoti ilipofika ofisini, siku hiyo hiyo Dada Mrefu aliondolewa, kama sharti lilivyosema. Alikunja mkeka wake. Kile kitambaa alikifua, akakianika, kilipokauka akakiacha juu ya mto. Binti alikitupa, kwa kuwa hakutaka kukiona.

Mhudumu mpya alikuwa msichana mwenye cheti, msafi, mpole, anayefuata kila alichofundishwa. Alilala chumba cha pili, mlango wazi, kengele mezani kwa Bibi. Hakukosea neno. Alfajiri moja Bibi aliinuka, na hakukuwa na mtu wa kumvuta. Walimkuta kizingitini pa jiko, nyonga imevunjika, kiberiti mkononi. "Moto bado," alimwambia binti yake, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

Alirudi kutoka hospitali akiwa mtu wa kulala tu, na ofisi ikamtuma Bi Kisigino akague. Angeweza kuomba aende mwingine. Hakuomba.

Binti alimfungulia mlango, akasogea pembeni. Hakumsalimu. "Kagua," alisema.

Aliinua shuka. Kisigino cha kushoto kilibonyea chini ya kidole gumba, na kidole kilipoondoka hakikurudi.

"Namgeuza, mama," msichana alisema, machozi yakimlenga. "Kweli namgeuza. Lakini nikimgusa nyonga anapiga kelele mpaka naogopa."

Bi Kisigino alimwamini. Alitafuta chumbani mtu wa kumwandika kuwa amekosea, asimwone. Maji yalikuwa mahali pake, dirisha lilikuwa wazi.

Bibi aliuchomoa mkono wake ndani ya shuka, akaunyoosha juu, kifundo kikimwelekea mgeni, na akausubirisha hapo.

"Kila siku anafanya hivyo," msichana alisema. "Nampa maji hataki. Nampa mkono wangu anausukuma. Sijui anataka nini."

Binti, aliyekuwa mlangoni, aligeuka akaondoka.

Bi Kisigino alivua mtandio wake, akausokota. Ncha moja aliizungushia kwenye mkono wa Bibi kwa ulegevu, nyingine kwenye mkono wake mwenyewe. Bibi alivuta mara moja. Naye akavuta kidogo kumjibu.

"Ulipotelea wapi wewe?" Bibi aliuliza.

"Nipo."

"Mrefu bure," Bibi alisema, akafumba macho. Tangu arudi, msichana alisema baadaye, hakuwahi kufumba macho kwa utulivu namna ile.

Bi Kisigino alikaa. Nyumba nyingine zilikuwa zinamngoja, na visigino vya wagonjwa wa humo. Kila alipojaribu kulegeza kitanzi, usingizini mule mule Bibi alivuta, naye akarudi kujibu. Mwishowe alifungua ncha yake taratibu, akaangalia huku na huku kama mwizi, akaifunga kwenye chuma cha kitanda.

Bibi alivuta. Chuma hakikusogea. Mkono ukatulia, umeridhika.

Msichana alikuwa ameingia na beseni. Aliangalia mtandio, akaangalia chuma. "Mama," alisema polepole, "hii si ndiyo hairuhusiwi?"

"Hairuhusiwi."

"Sasa mimi nikiulizwa niandike nini?"

"Andika ulichokiona."

Alichukua begi lake akatoka kichwa wazi. Nyuma yake Bibi alivuta tena, akangoja kidogo, akavuta tena.